Kiranga Hakuchongwa

Usiku wa kuamkia siku ambayo mwindaji Ryangombe alipanga kuingia porini, mama yake aliota. Aliona mnyama mdogo asiye na mkia. Akaona mnyama mwingine mwenye rangi moja mwili mzima. Akaona kijito ambacho maji yake yalikwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Mwisho akaona binti ambaye hajapevuka, naye amebeba mtoto mgongoni bila mbeleko. Kulipopambazuka alimsihi mwanawe asiende. Ryangombe akakaidi, akaita mbwa wake, akaondoka. Huko porini alikutana na yale yote aliyoota mama yake, kimoja baada ya kingine, hadi akamfikia nyati aliyemrusha kwa pembe kwenye mti wa umurinzi, ule wenye miiba na maua mekundu. Hapo ndipo alipofia, na kutokana na kifo hicho ibada yake ikaanza.

Hivyo ndivyo kisa kinavyosimuliwa Rwanda. Burundi anayeshika nafasi hiyo ni Kiranga, na jina lake linajulikana mpaka Buha, Bushubi na Bugufi, upande wa Tanzania. Anayekitazama kisa hiki kwa jicho la mchoraji ataona kwamba mama yule aliota picha nne, na kila picha inavunja kanuni moja ya dunia tunayoijua: umbo la mnyama, rangi yake, mwendo wa maji, umri wa kuzaa. Vitabu vya sanaa vimezoea kuanzisha historia ya sanaa ya ndoto mjini Paris, mwaka 1924, mshairi André Breton alipochapisha ilani yake ya usurealisti. Kwa msomaji wa Gitega au Muyinga, miji ya Burundi, mwanzo huo ni wa kuchelewa mno. Katika vilima vya Maziwa Makuu ndoto na mizimu vilikuwa na mavazi, msamiati na waigizaji wake kabla Breton hajazaliwa, na wasanii wa Afrika Mashariki wanaosifiwa leo kwa kuchora njozi wana nasaba ndefu kuliko wanayopewa. Historia hii inaifuata nasaba hiyo, kwa kuanzia mahali ambapo watafiti wengi wa sanaa hawakuona kitu.

Ibada yenyewe inaitwa kubandwa, na walioingizwa humo nchini Burundi walijulikana kama ibishegu. Siku ya ibada hapakuwa na mtu wa kusimama mbele kueleza Kiranga alikuwa nani. Kiranga alikuja mwenyewe. Mkulima aliyeshinda shambani alipakwa udongo mweupe usoni, akavishwa ngozi, akashika mkuki, na kuanzia hapo sauti yake ikabadilika. Wenzake nao wakawa imandwa, yaani mizimu, wengine, kila mmoja na tabia yake na namna yake ya kusema. Walikuwa na maneno yao yasiyotumika nje ya ibada. Matusi na utani mzito, ambavyo siku nyingine vingemletea mtu aibu mbele ya wakwe, viliruhusiwa. Mwanamke aliyepandwa na mzimu wa kiume alisalimiwa kama mwanamume na kutenda kama mwanamume mpaka ibada iishe. Wahutu, Watutsi na Watwa wote waliingia, na wote waliapa kutotoa siri.

Watu wa pwani wanaojua kupunga pepo wataona undugu hapa, lakini pia watatambua tofauti. Pwani mara nyingi pepo humjia mtu kwa maradhi, naye mganga akaitwa kujua pepo anataka nini. Kwa Kiranga watu waliingia kwa kufundwa, hatua kwa hatua, na aliyekwisha kufundwa alikuwa na nafasi yake katika mchezo mzima. Nasema mchezo kwa heshima. Kulikuwa na wahusika, mavazi, mpangilio wa matukio na hadhira iliyojua nini kitafuata. Aliyekuwa akiomba mtoto, mvua au afya alimwomba Kiranga amfikishie ombi lake kwa Imana, yaani Mungu.

Anayetafuta vitu vya kuweka katika kabati la vioo hapati karibu chochote hapa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Waluba, Walega na Wasongye walichonga, na vinyago vyao vimejaa makumbusho ya Ulaya. Falme za Burundi na Rwanda hazikuwa na mila kubwa ya vinyago. Kiranga hakuchongwa. Uso wake ulikuwa uso wa jirani uliopakwa udongo, na asubuhi udongo ulioshwa. Wageni waliokuja kukusanya vitu waliondoka na mikuki, vikapu vyenye mifuniko iliyochongoka, vyungu vya Watwa na ngozi, na sifa ambayo Burundi ilibaki nayo katika vitabu vya sanaa ikawa ya ususi. Hukumu hiyo naikataa. Ususi wa Burundi ni mzuri ajabu, lakini sanaa kubwa zaidi ya nchi ilikuwa katika miili, sauti na usiku, nayo haikuingia katika masanduku ya wasafiri.

Kitu kimoja kiliweza kushikika: ngoma. Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, ilihesabiwa kuwa na uhai na cheo. Ilikuwa na mke, mwanamke aliyewekwa wakfu kwa ajili yake na kuitwa Mukakaryenda, kama vile Kiranga naye alivyokuwa na wake, Mukakiranga. Mwanamke wa damu na nyama aliyeolewa na ngoma: hakuna mchoraji wa Brussels aliyewahi kubuni picha ya kushinda hiyo, na Burundi haikuibuni kwa ajili ya maonyesho. Ilikuwa sehemu ya katiba ya nchi. Ngoma zilichongwa kutoka mti wa umuvugangoma, na koo maalumu za wapigaji, abatimbo, zilizilinda kizazi baada ya kizazi. Gishora, kilomita chache kaskazini mwa Gitega, bado pana uwanja wa ngoma unaonasibishwa na mfalme Mwezi Gisabo, ambaye alipaanzisha baada ya kumshinda chifu muasi Ntibirangwa. Ngoma mbili za pale zina majina yake kama watu: Ruciteme na Murimirwa. Kila mwaka, katika sikukuu ya umuganuro, mtama wa kwanza ulibarikiwa na Karyenda ikasikika, na nchi nzima ikajua kwamba sasa inaruhusiwa kupanda.

Mwezi Gisabo alilazimishwa kukubali ulinzi wa Wajerumani huko Kiganda mwaka 1903, akafa 1908. Mwaka 1912 Wajerumani wakajenga boma lao Gitega, mji uliokuwa katikati ya nchi ya kifalme. Wabelgiji wakaja kwa vita 1916, na baada ya vita hiyo wakubwa wa Ulaya waligawana ramani: Bugufi, iliyokuwa chini ya wafalme wa Burundi, ikaachwa upande wa Waingereza wa Tanganyika. Ndiyo sababu Muyinga leo ni mji wa mpakani. Malori ya kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita Kobero na kuingia Burundi kwa njia yake, na Kiswahili kinasikika sokoni na misikitini. Waliokuwa wakimwomba Kiranga kwa jina moja waligawanywa na mstari uliochorwa na watu ambao hawakumjua.

Mapadri wa White Fathers walikuwa wamefika kabla ya boma. Mmoja wao, Mholanzi J. M. van der Burgt, aliandika kamusi ya Kirundi iliyochapishwa 1903 na kuweka kumbukumbu nyingi za mila. Mjerumani Hans Meyer, yule aliyepanda Kilimanjaro, alichapisha kitabu kizima juu ya Warundi mwaka 1916. Padri Bernard Zuure alitoa chake juu ya imani na ibada zao mwaka 1929. Lazima tuwashukuru kwa kuandika, kwa kuwa mengi tusingeyajua. Lakini wengi wa walioandika walikuwa pia wakipiga vita kile walichokiandika. Kwao Kiranga alikuwa shetani, na ibishegu walikuwa watu wa kuokolewa. Ubatizo wa halaiki ulipokuja katika miaka ya 1930, machifu walitangulia na raia wakafuata, na kubandwa kukawa jambo la kuficha. Umuganuro ulifanyika mara ya mwisho mwaka 1929.

Tuitazame tarehe hiyo kwa makini. Brussels, mji uliokuwa ukitawala Gitega, ulikuwa pia mji mkuu wa pili wa usurealisti. Huko René Magritte alifanya maonyesho yake ya kwanza peke yake mwaka 1927, na wenzake walikuwa wakiandika kwamba akili iliyofungwa na mantiki lazima ifunguliwe kwa ndoto. Miaka miwili baadaye, chini ya utawala wa Ubelgiji hiyo hiyo, sikukuu iliyounganisha mfalme, mtama, mizimu na ngoma yenye mke ilizimwa. Sisemi kwamba Magritte alihusika. Nasema kwamba Ulaya ilikuwa ikitafuta kwa hamu kitu ambacho maofisa wake walikuwa wakikivunja, na hawa na wale hawakuzungumza.

Wachache walijaribu. Mwaka 1931 Paris ilipoandaa Maonyesho ya Kikoloni yaliyovuta mamilioni ya watazamaji, Breton, Paul Éluard, Louis Aragon na wenzao walisambaza karatasi ya kuwaambia watu wasiende, kisha wakasaidia kuandaa maonyesho ya kupinga. Ujasiri huo wastahili kukumbukwa. Hata hivyo mwezi Julai mwaka huo huo Breton na Éluard waliuza kwa mnada mkusanyiko wao wa sanamu za Afrika, Amerika na Oseania. Walipenda Afrika iliyochongwa, ile inayoweza kubebwa, kutundikwa na kuuzwa. Afrika ya kubandwa haikuwa na njia ya kuwafikia.

Huku nyumbani, mizimu haikunyamaza mara moja. Mwaka 1934, huko Ndora kaskazini magharibi mwa Burundi, wakulima walimfuata mwanamke aliyesifika kwa nguvu za uaguzi, Inamujandi, wakakataa kodi, kazi za lazima na machifu waliowekwa juu yao. Wabelgiji waliuzima uasi huo kwa nguvu. Kaskazini zaidi, Kigezi nchini Uganda, Waingereza walikuwa wamekwisha kumkamata Muhumusa mwaka 1911, mwanamke aliyeongoza watu kwa jina la mzimu Nyabingi, wakamweka Kampala hadi alipokufa mwaka 1945. Katika eneo hili lote mtu aliyesema kwa sauti ya mzimu alikuwa, machoni pa serikali, mhalifu wa siasa. Na kwa kweli alikuwa akifanya siasa. Mwanamke asiye na cheo alipata cheo kwa usiku mmoja, na hilo tu lilitosha kutisha.

Mwaka 1955 Wabelgiji walifungua makumbusho Gitega. Yapo mpaka leo kama Makumbusho ya Taifa: vikapu, vyungu, silaha, ngoma, vitu vya jumba la kifalme na picha za zamani. Ni nyumba ndogo yenye hazina kubwa. Lakini vitu vilivyomo vinaeleza maisha ya watu waliokaa kimya, na ndani ya vyumba vile mtu hawezi kusikia mkulima akibadilika kuwa Kiranga. Miaka saba baadaye uhuru ulipokuja, picha ya Karyenda iliwekwa katikati ya bendera ya Ufalme wa Burundi. Ilipepea kuanzia 1962 hadi Novemba 1966. Wanajeshi walipoupindua ufalme, ngoma iliondolewa kwenye bendera.

Hapa historia yetu lazima itoke Burundi kwa muda, kwa sababu mizimu iliyopigwa marufuku katika vilima hivi ilikuwa inaanza kupata miili mipya kwingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Dar es Salaam, Mmakonde kutoka Msumbiji aliyeitwa Samaki Likankoa alikuwa akichonga mpingo na kuuza. Kama inavyosimuliwa na waliokuwa karibu naye, sanamu yake moja ilivunjika, naye badala ya kuitupa akaendelea kuichonga mpaka likatoka umbo ambalo halikuwa mtu wala mnyama. Mfanyabiashara Mohamed Peera aliipenda, akamhimiza achonge nyingine. Mtindo wa shetani ukazaliwa: jicho moja tumboni, mdomo ubavuni, mguu unaotoka kichwani. Wapo wanaoudharau kwa kuwa ulilelewa na soko la watalii. Mimi naona wanakosea. Soko lilifungua mlango, lakini waliopita mlangoni walikuwa viumbe ambao Wamakonde waliwajua kwa hadithi za usiku kabla ya Peera kuwa na duka.

Mwaka 1972 mtawa Mkatoliki, Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini humo. George Lilanga, mchongaji kutoka kusini mwa Tanzania, aliingia pale kwanza kama mlinzi. Baada ya muda akawa msanii wao mashuhuri kuliko wote. Viumbe wake wenye masikio makubwa, matumbo yaliyojaa na vidole vichache walitoka katika mbao wakaingia katika mabati, ngozi na turubai; mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, na alipofariki 2005 alikuwa anajulikana Ulaya nzima. Mashetani wa Lilanga hucheka, hubeba ndoo, hugombana, hupanga foleni. Kanisa lililokuwa likiteketeza mizimu kizazi kimoja nyuma sasa lilikuwa linaipa karakana. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa na mazuri, nami nayataja bila kusita.

Ila mwaka ule ule 1972 Burundi ilipatwa na Ikiza. Baada ya uasi uliozuka mwishoni mwa Aprili, jeshi liliwaua Wahutu, likianza na wenye elimu: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri, wauguzi. Waliouawa wanakadiriwa kuanzia laki moja kwenda juu. Maelfu walivuka kwenda Tanzania, na baadaye wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ukiuliza kwa nini Gitega haikupata Lilanga wake, jibu langu ni hili. Sanaa mpya huhitaji kijana aliyesoma kidogo, mwalimu anayemtia moyo, mnunuzi anayepita na usiku usio na hofu. Katika miezi michache Burundi ilinyang'anywa vyote vinne.

Kigezi, nchi ya Nyabingi, ilimtoa Jak Katarikawe. Hakupata elimu ya darasani. Alikuwa dereva Kampala, na mchoraji wa Kitanzania Sam Ntiro, aliyefundisha Makerere, alikiona kipaji chake na kukitunza. Katika miaka ya machafuko ya Uganda alihamia Nairobi, na kazi zake zikapata nyumba katika Gallery Watatu. Katarikawe alisema waziwazi kwamba picha zake zinatoka katika ndoto. Ng'ombe wake wenye pembe ndefu, wale wa nyanda za juu kuanzia Kigezi hadi Gitega, wanapendana, wanahuzunika, wanaficha siri. Rangi zake zinayeyukiana mpaka huoni mnyama anaishia wapi na mlima unaanzia wapi. Mwaka 2001 makumbusho moja ya Frankfurt yalimfanyia maonyesho makubwa yaliyotaja kuota katika jina lake. Alifariki Nairobi mwaka 2018. Wazungu walipenda kumwita Chagall wa Afrika, kwa jina la mchoraji wa njozi aliyetoka Urusi. Sifa hiyo ilimsaidia kuuza, lakini ilimkata kutoka kwa wazee wake. Mtu aliyezaliwa katika nchi ambako mizimu ilisema kwa vinywa vya wanawake, na ng'ombe waliimbiwa mashairi ya sifa, hakuhitaji kwenda Urusi kutafuta ng'ombe anayeruka.

Kutoka kwake ni hatua fupi kufikia kizazi cha sasa. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alifanya maonyesho London mwaka 2014 aliyoyapa jina la Kiswahili, Nguva na Nyoka, na mwaka 2019 wanawake wake wa shaba waliketi mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ametuletea jambo linalotugusa zaidi sisi wa nyanda za juu. Hachori juu ya turubai la kawaida. Anachora juu ya lubugo, kitambaa kinachotengenezwa Uganda kwa kugonga gome la mti wa mutuba, alichokikuta kikiuzwa kwa watalii Nairobi. Buganda kitambaa hicho ni cha heshima, na wafu huzikwa nacho. Lubugo huwa na matundu na mishono, nayo Armitage haifichi: tundu linatokea katikati ya uso wa mtu, mshono unapita juu ya mto, na picha ya mkutano wa kisiasa inageuka njozi ambamo nyani na wapiga kura wanatazamana.

Warundi nao walivaa vitambaa vya magome kabla ya pamba kuenea. Miti ya jamii hiyo hiyo bado inasimama mahali palipokuwa maskani ya wafalme wao, makundi ya miti iitwayo ibigabiro, ambayo wakulima waliogopa kuikata. Kwa hiyo mchoro wa Armitage ukitundikwa Munich au London, Mrundi anayeutazama anaweza kuuona kwa namna ambayo mwenyeji wa Munich hawezi. Malighafi yake ni ya kwao. Uso uliopakwa juu ya gome si mbali na uso uliopakwa udongo.

Burundi yenyewe ilirudi katika historia hii kwa mlango wa uhamishoni. Ngoma zilitangulia. Zilirekodiwa mwaka 1967, santuri ikatoka Ufaransa, na kuanzia miaka ya 1970 mdundo huo ukatiwa ndani ya nyimbo za wanamuziki wa Ulaya na Amerika, kwa kawaida bila wapigaji kulipwa chochote. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya serikali ikawakataza wanawake kuipiga. Nchi iliyokuwa na ngoma yenye mke iliamua kwamba mwanamke asiikaribie.

Kati ya matukio hayo mawili kulikuja mwaka 2015. Mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza ulizuka mwezi Aprili, na wanafunzi, waandishi wa habari na wanamuziki wengi wakakimbilia Rwanda. Hao ndio waliowawezesha mshairi Mmarekani Saul Williams na Mnyarwanda Anisia Uzeyman kutengeneza filamu ambayo naiona kuwa kazi kubwa kabisa ya kindoto kuhusu Burundi: Neptune Frost. Hadithi yake iko katika vilima vya Burundi, lakini mwaka 2020 ilirekodiwa Rwanda kwa sababu Burundi hapakuwa na usalama kwa kazi kama hiyo. Ilionyeshwa mara ya kwanza Cannes mwezi Julai 2021. Ndani yake watu wanasema na kuimba Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza.

Kisa chake ni hiki. Katika mgodi wa koltani kijana Tekno anauawa na msimamizi kwa kusimama kidogo tu na kulitazama jiwe alilolichimba. Ndugu yake Matalusa, anayeigizwa na mwimbaji wa rap wa Burundi Bertrand Ninteretse, maarufu kama Kaya Free, anaondoka. Kwingineko Neptune, mtu asiye mwanamume tu wala mwanamke tu, naye anakimbia. Ndoto zinawaongoza mpaka wanakutana katika kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, na kutoka hapo wanaidukua dunia. Neptune anaigizwa na watu wawili, kwanza Elvis Ngabo, kisha Cheryl Isheja, bila filamu kuomba radhi wala kueleza. Mnyarwanda Cedric Mizero alitengeneza mavazi kwa nyaya, vitufe vya kibodi na taka za kielektroniki.

Wahakiki wa ng'ambo waliiita filamu ya kesho. Mimi naiweka karibu na kubandwa. Kijana maskini anabadilika jina na sauti, mtu aliyekuwa mwanamume anasalimiwa kama mwanamke, kundi zima lina maneno yake ya salamu yasiyotumika nje, ndoto inapewa uzito wa amri, na kinachovaliwa kinaokotwa mazingira yale yale watu wanamofanyia kazi. Udongo mweupe umekuwa nyaya. Sijui kama Williams na Uzeyman walimfikiria Kiranga hata mara moja, na si lazima. Waigizaji na wapigaji wao walikuja na miili iliyolelewa katika vilima hivyo.

Muyinga nayo ina jengo ambalo wapenzi wa usanifu duniani wanalijua kuliko Warundi wengi: maktaba ya watoto viziwi iliyomalizika mwaka 2012, ikisanifiwa na BC Architects wa Brussels. Kuta zake ni matofali ya udongo wa hapo hapo ulioshindiliwa, paa lake ni la vigae juu ya mbao za mikalitusi, na ndani yake kumetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambao watoto hupanda na kulala humo wakisoma. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba udongo wa Muyinga na mikono ya Muyinga vinatosha kwa kazi ya kiwango cha dunia, na kwamba Brussels ya karne hii inaweza kuja kusikiliza.

Tangu 2019 Gitega ni makao makuu ya kisiasa ya Burundi. Ofisi zinajengwa, barabara zinapanuliwa. Katika mgawanyo mpya wa nchi wa mwaka 2025, Muyinga imeingia katika mkoa wa Buhumuza, na huko kuna wazee ambao bibi zao walikuwa ibishegu. Ombi langu kwa wanaopanga mji mkuu ni dogo kwa gharama. Makumbusho ya 1955 yaongezewe ukumbi mmoja wa sanaa ya leo. Wazee wa Gitega na wa Muyinga warekodiwe, kwa ridhaa yao na kwa kadiri viapo vyao vinavyoruhusu, kabla hawajaondoka. Wasanii walio Kigali, Nairobi na Brussels waalikwe kuonyesha kazi zao bila kuulizwa walikimbia kwa nini. Amri ya 2017 ifutwe, wanawake warudi kwenye ngoma. Na Neptune Frost ionyeshwe Gitega, hadharani, kwa watu ambao hadithi hiyo ni yao.